Kumfundisha Tabibu: Mwongozo kwa Mhadhiri Mpya

Umeajiriwa kufundisha matabibu. Huenda wewe ni daktari uliyemaliza uzamili hivi karibuni, huenda ni tabibu mwenzao uliyejiendeleza mpaka ukafika hapo. Idara imekukabidhi mtaala, ratiba ya mihadhara na orodha ndefu ya wanafunzi. Kabla hujafungua kompyuta kuandaa slaidi, jibu swali moja: mwanafunzi huyu akishahitimu, saa nane usiku atakuwa wapi? Kwa wengi wao jibu ni zahanati au kituo cha afya. Atakuwa yeye na muuguzi mmoja, mama aliyebeba mtoto anayechemka kwa homa, na gari la wagonjwa ambalo liko wilayani. Ushauri wote unaofuata umejengwa juu ya jibu hilo.

Kada hii ina majina mengi duniani. Marekani ilianzia Chuo Kikuu cha Duke mwaka 1965, pale Dk. Eugene Stead alipowachukua wanafunzi wanne waliokuwa wamehudumu katika tiba ya Jeshi la Majini. Watatu kati yao walihitimu tarehe 6 Oktoba 1967. Afrika Kusini ilianza kuwafundisha wa kwao mwaka 2008 katika Chuo Kikuu cha Walter Sisulu. Kenya, ambako matabibu wana sheria yao ya mwaka 2017 inayosimamia mafunzo, usajili na leseni, vyuo vikuu kama Egerton, Jomo Kenyatta na Mount Kenya hutoa shahada ya fani hii, sambamba na stashahada ya chuo cha mafunzo ya tiba cha KMTC. Tanzania kazi kubwa bado imebebwa na stashahada ya miaka mitatu.

Lakini usidanganywe na kufanana kwa kada hizi. Kule Marekani na Uingereza mhitimu wa kada hii kwa desturi hufanya kazi ndani ya timu yenye daktari. Uingereza, ripoti ya Profesa Gillian Leng ya mwaka 2025 ilipendekeza wasiwaone wagonjwa ambao ugonjwa wao haujatambuliwa, isipokuwa kwa taratibu maalumu zilizowekwa wazi. Kwetu mambo ni kinyume kabisa. Tabibu ndiye mtu wa kwanza kumwona mgonjwa ambaye hakuna anayejua anaumwa nini, na mara nyingi ndiye wa mwisho kabla ya mgonjwa kurudi nyumbani. Kwa hiyo mtaala wa ng'ambo, hata uwe mzuri namna gani, usiuchukue mzimamzima. Wao wanaweza kumfundisha kijana wao kwamba daktari yupo chumba cha pili. Wewe huna ruhusa ya kufundisha hivyo.

Anza kazi yako nje ya chuo. Tafuta zahanati na kituo cha afya ambako wahitimu wenu wanafanya kazi, omba ruhusa kwa mganga mfawidhi, kisha kaa naye siku nzima. Fungua rejista ya wagonjwa wa nje usome kurasa chache. Utaona homa, kikohozi, kuhara, maumivu ya tumbo, vidonda, presha, kisukari, wajawazito, na watoto wengi walio chini ya miaka mitano. Utaona pia dawa zilizopo na zilizokwisha, vipimo vinavyofanyika na visivyofanyika. Andika hayo, rudi nayo idarani, uyalinganishe na saa zilizotengwa katika ratiba. Ukikuta ugonjwa adimu umepewa saa nne na mtoto anayehema kwa shida amepewa saa moja, hilo ni jambo la kulipeleka kwenye kikao cha idara, tena kwa maandishi.

Darasani, usianze na jina la ugonjwa. Vitabu vimepangwa kwa majina ya magonjwa kwa sababu waandishi wake wanajua majibu, ila mgonjwa haingii mlangoni akisema ana nimonia. Anasema mtoto hanyonyi. Basi anza hapohapo. Andika ubaoni: mama wa miaka ishirini na mbili, mimba ya wiki thelathini na nne, kichwa kinamuuma tangu jana. Waache wataje yote wanayoyafikiria, uyaandike yote, hata yale ya ajabu. Kisha uliza: katika haya, lipi linaweza kumuua usiku huu? Utashangaa jinsi darasa litakavyotulia. Hapo ndipo presha ya mimba, protini kwenye mkojo na sindano ya magnesiamu salfeti vitaingia vichwani mwao, kwa sababu sasa wanavihitaji. Slaidi zako ziwe chache. Wanafunzi wa siku hizi wana simu, na maelezo ya kitabuni watayapata. Wasichoweza kukipata kwenye simu ni mtu mwenye uzoefu anayewaonyesha anavyofikiri.

Kazi yenyewe hasa iko wodini na kwenye chumba cha wagonjwa wa nje. Hapa naomba twende polepole.

Chukua mfano huu, ambao kila anayefundisha matabibu atakutana nao kwa sura moja au nyingine. Mwanafunzi anakujia: "Mwalimu, nina mtoto wa miezi minane. Ana homa siku ya tatu, anakohoa. Kipimo cha malaria kimetoka chanya. Nataka nimwandikie dawa mseto aende nyumbani."

Kishawishi kikubwa ni kumpokonya mgonjwa: unaingia, unampima mtoto mwenyewe, unatoa mhadhara wa dakika kumi kuhusu malaria, unaondoka. Mwanafunzi atakuwa amejifunza kwamba wewe unajua. Badala yake muulize: "Sawa. Kwa maoni yako mtoto anaumwa nini?" Lazima aseme mwenyewe, kwa kinywa chake, hata kama anaogopa kukosea. "Malaria, Mwalimu." Endelea: "Nini kimekufanya useme malaria, na kuna kingine ulichokifikiria ukakiacha?" Kimya. "Anapumua mara ngapi kwa dakika?" "Kama arobaini hivi." "Umehesabu?"

Hilo "kama arobaini hivi" ndilo linalostahili muda wako. Wanafunzi wengi hawahesabu pumzi. Wanatazama kidogo, wanakisia, wanaandika namba inayoelekea kuwa ya kweli, na kwenye faili inaonekana safi kabisa. Basi ingieni wote wawili. Msalimie mama, mweleze kwamba mnataka kuangalia mtoto anavyopumua, muombe ampandishe nguo kifuani. Mtoto awe ametulia. Kama analia au ananyonya, subirini. Mwanafunzi aweke saa ya simu, atazame tumbo na kifua, ahesabu dakika nzima. Sekunde kumi na tano mara nne hapana, kwa sababu mtoto mdogo hapumui kwa mwendo mmoja. Wewe hesabu kimyakimya upande wa pili. Mwisho linganisheni. Yeye amepata hamsini na sita, wewe hamsini na nane.

Sasa fundisha, kwa maneno machache. Kwa mujibu wa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani na UNICEF wa kutibu magonjwa ya watoto kwa uwiano, ule unaofahamika kama IMCI, mtoto wa miezi 2 hadi chini ya miezi 12 akipumua mara 50 au zaidi kwa dakika anapumua haraka. Wa miezi 12 hadi miaka 5 ni mara 40 au zaidi, na aliye chini ya miezi 2 ni mara 60 au zaidi. Mtoto huyu anakohoa na anapumua haraka. Kipimo chanya cha malaria hakiondoi nimonia. Baadhi ya vipimo hivyo vya haraka huendelea kuonyesha chanya kwa wiki kadhaa hata baada ya malaria kutibiwa. Kwa hiyo atatibiwa vyote viwili, na kabla ya hapo mtaangalia kama kifua kinabonyea kwa ndani na kama ana dalili za hatari: hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea au hana fahamu. Halafu mwambie alichofanya vizuri, tena kwa kukitaja: "Umefanya vyema kupima malaria kabla ya kuandika dawa." Mwisho mwambie cha kurekebisha: "Mtoto anayekohoa, kuanzia leo, huniambii habari zake kabla hujahesabu."

Mtiririko huo, wa kumtaka mwanafunzi ajifunge na jibu, kutafuta sababu zake, kumpa kanuni moja, kumsifu kwa alichofanya sawa na kumrekebisha, uliandikwa mwaka 1992 na Jon Neher na wenzake huko Marekani, kwa ajili ya walimu wanaofundisha huku foleni ya wagonjwa inasubiri. Hauhitaji vifaa wala bajeti. Unahitaji mwalimu anayeweza kunyamaza akamsikiliza kijana akifikiri, na kwa uzoefu wangu hapo ndipo madaktari wengi wazuri hushindwa. Jizoeze kunyamaza.

Katika raundi, usiruhusu wanafunzi kumi na tano wazunguke kitanda kimoja. Mgonjwa ni mtu mzima, pengine ni mama yao kwa umri, na amelala mbele ya vijana asiowajua. Wagawe. Watatu au wanne wanatosha, wengine wawe na wagonjwa wao wa kuandaa. Kabla ya kumgusa mgonjwa, sema wewe mwenyewe kwa sauti wasikie: "Shikamoo, mama. Hawa ni wanafunzi wangu, tunaomba tukuangalie pamoja. Unaturuhusu?" Akikataa, mshukuru muende kwa mwingine, wala usimnung'unikie. Wanafunzi wanaiga unachofanya kuliko unachohubiri. Na kama kijana amekosea, usimkaripie mbele ya mgonjwa. Mgonjwa atakosa imani naye, na yeye safari nyingine ataficha asilolijua, na tabibu anayeficha asilolijua ni hatari kwa wagonjwa wake wote. Mvute pembeni siku hiyohiyo, mweleze kitendo chenyewe alichokifanya, usimhukumu utu wake.

Sasa vitendo vya mikono. Vyuo vingi vina chumba cha mazoezi chenye wanasesere wa mafunzo, na vingi vina tatizo lilelile: wanasesere wamefungiwa kabatini, wengine bado wako ndani ya mifuko yao ya plastiki, na ufunguo anao mtu mmoja ambaye leo yuko safarini. Mazoezi hufanyika wiki moja kabla ya mtihani. Kuna somo kubwa juu ya jambo hili, na limetoka hapahapa Tanzania. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, ilifanya mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua, kwa kutumia mwanasesere na mfuko wa kupumulishia. Watafiti walipopima, wahudumu walikuwa wamekuwa hodari kwa mwanasesere. Ndani ya chumba cha kujifungulia, kwa watoto halisi, utendaji wao haukubadilika.

Hospitali haikuacha hapo. Mazoezi yaliletwa karibu na kazi, yakafanywa mafupi na ya mara kwa mara: dakika tatu hadi tano kila wiki, pamoja na kipindi kirefu zaidi kila mwezi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vimeshuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Walimu wa matabibu tungepaswa kuibandika habari hiyo mlangoni mwa kila ofisi. Mwanasesere ni yuleyule, mfuko wa kupumulishia ni uleule. Kilichobadilika ni mara ngapi mkono uliushika.

Basi toa wanasesere kabatini. Weka mmoja mahali ambapo wanafunzi hupita, mpe kiongozi wa darasa ufunguo na daftari la kusaini. Kila kipindi chako, hata kama kinahusu kisukari, tumia dakika tano za mwanzo kumwita mwanafunzi mmoja mbele: mtoto amezaliwa, halii, fanya. Akisita kwenye namna ya kukaza barakoa usoni au akakunja shingo kupita kiasi, wenzake waone na wamsaidie. Kufika mwisho wa muhula kila mmoja awe amepita mara kadhaa. Fanya vivyo hivyo kwa mama anayevuja damu baada ya kujifungua na kwa mgonjwa mwenye degedege. Ni hayo machache yasiyompa tabibu nafasi ya kufungua kitabu.

Kuna ustadi mwingine ambao vyuo karibu vyote huupuuza, nao ni kutoa rufaa. Tunawafundisha kutibu, halafu tunadhani kutambua mwisho wa uwezo wao kutakuja kwenyewe. Hakuji. Kijana aliyehitimu kwa alama za juu huona kutoa rufaa ni kukiri kushindwa, na kwa fahari hiyo mgonjwa hucheleweshwa. Kwa kila ugonjwa unaoufundisha, taja mstari: dalili hizi zikionekana, huyu si wako tena. Mpe dozi ya kwanza, mfungulie dripu kama inahitajika, mpigie simu mkubwa wako, aondoke. Kisha wafanyishe mazoezi ya simu yenyewe. Mwanafunzi mmoja atoke ukumbini akupigie, wewe ujifanye daktari wa zamu aliyechoka. Ndani ya dakika moja aseme yeye ni nani na yuko wapi, mgonjwa ana shida gani sasa hivi, historia yake kwa kifupi, yeye anadhani ni nini na amefanya nini, na anaomba nini. Wengi mara ya kwanza huanza na umri wa mgonjwa na kabila lake, wakafika kwenye presha iliyoshuka baada ya dakika tatu. Warudie mpaka wazoee. Na barua ya rufaa waiandike kwa mkono wao, isomwe na mwenzao ambaye hakumwona mgonjwa. Akishindwa kuelewa, iandikwe upya.

Kuhusu mitihani sitasema mengi. Mwaka 1990 Mmarekani George Miller alipanga uwezo wa mtabibu katika ngazi nne: anajua, anajua namna ya kufanya, anaonyesha anavyofanya, na mwisho anafanya kweli kazini. Mtihani wa maandishi huishia ngazi ya pili. Mtihani wa vituo, ule ambao Ronald Harden na wenzake walieleza mwaka 1975 wakiwa Dundee, Scotland, ambapo mwanafunzi huzunguka kituo hadi kituo akifanya kazi mbele ya mtahini mwenye orodha, hufika ngazi ya tatu. Ngazi ya nne unaipata kwa njia moja tu, kumtazama mwanafunzi akiwa na mgonjwa halisi, na kumtazama mara nyingi.

Hapo ndipo linapoingia suala la logibuku. Unajua inavyokuwa: fildi imekwisha, wanafunzi wamepanga foleni mlangoni, kila mmoja na kitabu chake, na ndani kuna mistari ya vitendo inayosubiri saini yako. Kushona jeraha, mara tano. Kuzalisha, mara kumi. Umechoka, unawapenda, na hutaki mtoto wa mtu akwame kwa ajili ya karatasi. Ushauri wangu hauna mlango wa nyuma: usisaini kitendo ambacho wewe au msimamizi unayemwamini hakukiona. Saini hiyo ni ushahidi kwa mama atakayefika zahanati miaka miwili ijayo kwamba kijana huyu anaweza. Njia ya kuepuka foleni ile ni kusaini kidogokidogo, palepale wodini, siku ya kitendo. Na mwanafunzi ambaye hakupata nafasi ya kutosha aongezewe wiki, kosa lisihesabiwe kuwa lake. Mara nyingi ni letu, tuliopeleka wanafunzi wengi kuliko vitanda vya hospitali.

Wale wasimamizi wa fildi, manesi na matabibu wa hospitali za wilaya wanaobeba wanafunzi wako pamoja na kazi zao, wengi bila malipo ya ziada, watendee kwa heshima. Usiwatumie kundi la wanafunzi na barua ya mkuu wa chuo basi. Waandikie ukurasa mmoja: wanafunzi hawa ni wa mwaka wa ngapi, wanajua nini tayari, wanapaswa kujifunza mambo gani matano wakiwa hapo, na nambari yako ya simu pakitokea tatizo. Watembelee katikati ya fildi, usingoje mwisho. Wakikwambia mwanafunzi fulani haaminiki, wasikilize. Wao wamekaa naye zamu za usiku, wewe hukukaa.

Nawe usiache kutibu. Omba walau siku moja kwa wiki ya kliniki au ya wodi, hata kama idara itaona unapoteza saa za mihadhara. Mwalimu aliyekaa miaka mingi bila kumgusa mgonjwa huanza kufundisha dawa zilizokwisha kuondolewa kwenye mwongozo wa matibabu, na wanafunzi hugundua wakifika fildi. Na jifunze kufundisha, maana kujua tiba na kujua kufundisha tiba ni kazi mbili tofauti. Tanzania, kituo cha CEDHA kilichopo Arusha kimekuwa kikiandaa wakufunzi wa afya kwa miaka mingi. Ukiona tangazo lao, usisubiri kuteuliwa, peleka ombi lako.

Muhula wako unakaribia. Wiki hii mtembelee mganga mfawidhi wa kituo kimoja cha afya, mwombe ufunguo wa kabati la wanasesere yule anayeutunza, na uhakikishe saa zako za wodini zimeandikwa kwenye ratiba ya idara kabla saa za mihadhara hazijazijaza siku zote tano.